Pigo la Tatu

Ndani ya behewa la makaa lisilozidi kiganja
nimelehemu spika yenye upana wa sarafu.
Waya mbili nyekundu, mbili nyeusi,
moshi wa risasi ukipanda hadi kwenye taa ya jikoni.
Nje, Kłodzko imelala chini ya theluji.
Ndani, baba kakaa, blanketi magotini:
Bogumił mchochea makaa, miaka thelathini na mmoja
uso kwenye tanuri, mgongo kwenye baridi.

Nikabonyeza.
Injini ikaizunguka meza, ikaipita chupa ya siki,
ikalipita bakuli la matango ya chumvi,
fu-cha, fu-cha, fu-cha, fu-cha,
mapigo manne kwa kila mzunguko wa gurudumu,
kama kijitabu cha maelekezo kilivyoahidi.
Nikamtazama. Nilitaka sifa, sikatai.

Akauliza, "Nani anapiga chafya?"

Kisha, kwa kuwa mimi ni binti yake,
akaona vibaya, akaanza kunifundisha.
Injini yako haibebi kitu, Halszka.
Ikipanda, inasema yaleyale inayosema ikishuka.
Mlimani mvuke hautoki, unang'oka,
kila pumzi inachomolewa kama msumari wa mninga,
na mteremkoni dereva akifunga valvu
pumzi inakatika kabisa,
unabaki kusikia vyuma tu vikigongana,
kling-kala, kling-kala,
kama vijiko ndani ya droo.
Na maji je? Umesahau maji.
Pampu ikivuta maji inaimba kwa puani.

Basi nikakesha.
Usiku wa kwanza nilitengeneza mlima.
Wa pili nikatengeneza mteremko: nilirekodi vijiko, kweli,
droo ya jikoni, mara arobaini.
Usiku wa tatu Bi Wieczorek wa ghorofa ya chini
akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio,
gu! gu! gu!
na baba, kutoka chumbani, akapaza sauti:
"Hiyo! Hiyo inase! Ndiyo bushi iliyolegea!"
Nikainasa. Imo, kwenye kona ya pili, baada ya siki.

Asubuhi alisikiliza, jicho moja kalifumba.
Afadhali, alisema. Lakini hii ni injini ya watu wengine.
Ya kwetu ilichechemea.

Pigo la tatu lilikuwa dogo.
Moja, mbili, halafu kitu kama mtu
anayekanyagia kiatu kilichotoboka, halafu nne.
Karakana ya Jaworzyna iliifungua mara mbili,
mafundi wakapima, wakapaka grisi, wakatia sahihi,
ikatoka pale pale getini ikichechemea.
Mapigo manne sawasawa, alisema,
ni ya injini ambayo haijawahi kwenda kazini.

"Mama yako aliijua.
Iko mbali bado, nyuma ya kiwanda cha sukari,
akishasikia lile dogo, anatia viazi motoni.
Nikifika, nikinawa mikono, vimeiva.
Hakuwahi kutazama saa."

Hili hakuwahi kuniambia.
Miaka yote nilidhani viazi huiva vyenyewe.

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikalishika pigo la tatu,
nikalipunguza kidogo, nikasikiliza,
nikalipunguza tena, likapotea, nikalirudisha.
Ni kazi ngumu kuharibu kitu kwa kipimo.

Jioni nikazima taa ya dari.
FU-cha, FU-cha, fu, FU-cha,
ikapita siki, ikapita matango,
ikamgonga Bi Wieczorek kwenye kona,
ikapanda vitabu viwili nilivyoviinamisha.

Baba hakusema neno.
Vidole vyake juu ya blanketi vilihesabu,
cha tatu kikigusa tu.
Kisha akageuza kichwa, si kwangu,
si kwa injini: kwenye jiko.

"Viazi vipo?"

Tulikuwa na tambi tu.
Nikavaa koti, nikashuka ngazi,
nikaiacha ikizunguka.
Hadi ghorofa ya pili nilikuwa naisikia.